Mbuzi Niliowafagia

Siku hizi binti yangu akiingia bafuni anafunga komeo, na ole wako ugonge. Hutoka huko ananukia mafuta yangu, yale niliyoyaficha nyuma ya nguo kabatini nikidhani yako salama. Sare zake za shule anazifua mwenyewe kila Jumamosi bila kuambiwa. Majirani wananisifu, wanasema nimelea. Nazipokea sifa hizo kwa sababu si vizuri kukataa kitu cha bure, lakini nikifua shuka zake na kukuta maji ya beseni yamebaki meupe, bila hata punje ya mchanga chini, moyo unanishuka. Kulikuwa na wakati maji hayo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nautamani wakati huo kuliko ninavyoweza kumweleza jirani yeyote.

Alikuwa na miaka mitatu, anaielekea minne. Nyumba yetu ilikuwa hapahapa Lodwar, upande wa pili wa laga, ule mto wa mchanga unaopata maji mvua ikinyesha tu, lakini kazi yangu ilikuwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Nilifundisha watu usafi. Nilipita mtaa kwa mtaa na kipaza sauti, ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni, nikiwaonyesha akina mama wa Sudan Kusini, wa Burundi na wa Kongo namna ya kunawa mikono, kana kwamba walizaliwa bila mikono na mimi ndiye niliyewaletea. Jumatatu alfajiri niliondoka, Ijumaa jioni nilirudi. Baba yake mtoto anaendesha lori, na lori halijui Jumamosi wala Jumapili. Kwa hiyo mama yangu aliwaacha mbuzi wake Lorugum mikononi mwa ndugu zangu, akaja kukaa na mjukuu.

Mama hakubadilisha kitu kwa sababu ya kuishi mjini. Aliamka akamkanda mtoto miguu, akampa uji, akamwachilia uani, na hapo kazi ya asubuhi ilikuwa imekwisha. Binti yangu alishinda mchangani. Nilipomkuta Ijumaa jioni, nywele zilikuwa za rangi ya vumbi, magoti yamepauka, na chini ya pua palikuwa na mistari miwili iliyokauka ambayo sitaieleza zaidi.

Mimi niliyashughulikia hayo yote kabla sijakaa. Nilishuka kwenye pikipiki, nikaweka mkoba, nikachukua beseni. Sikuuliza habari ya wiki. Nilimvua nguo, nikamsugua kwa dodoki mpaka akawa mwekundu masikioni, nikampaka mafuta, nikamvalisha gauni na soksi nyeupe, nikamketisha kwenye kochi. Juu ya kabati kulikuwa na wanasesere niliomnunulia, nao walikuwa bado ndani ya nailoni zao ili wasiingie vumbi. Siku za wikendi niliwashusha, akawatazama kupitia nailoni, nikawarudisha.

Msinicheke sana. Kule kambini nilikuwa nimeona watoto wamelazwa kwa kuhara, macho yameingia ndani, mama zao wamekaa pembeni wanapunga nzi. Kila nilipoona kidole cha mwanangu kinaelekea mdomoni, niliona mkeka wa zahanati. Na sitasema uongo, kulikuwa pia na maneno ya watu. Nilisikia mmoja kanisani akimwambia mwenzake kwamba mama anafundisha Kakuma nzima kunawa na mtoto wake anafanana na mtu aliyechimba kaburi. Nyani haoni kundule, ndivyo walivyotaka kusema. Neno hilo nilitembea nalo mwezi mzima.

Kisha ikaanza tabia moja. Ijumaa nikiteremka langoni, binti yangu hayuko. Mara yuko nyuma ya tangi la maji, mara yuko chini ya kitanda cha nyanya yake. Mwanzoni niliona ni mchezo, nikawa namtafuta huku nacheka. Siku moja nilimwinamia chini ya kitanda, nikaona ameuma midomo na amefumba macho kabisa, kama tunavyofumba tunapodungwa sindano. Hakuwa anacheza. Mtoto wangu wa kumzaa alikuwa ananiogopa, na kila juma nilirudi kwake kwa furaha na yeye alinisubiri kwa hofu. Jumatatu hiyo nilirudi Kakuma kwenye kiti cha mbele cha gari, nimegeuza uso dirishani ili dereva asinisemeshe.

Wiki hiyohiyo nilipita mtaa wa Wakongo. Kuna mama mmoja huko ambaye yeye na mumewe walifyatua matofali ya udongo kando ya nyumba yao, wakiuza kwa wanaojenga. Shimo lao lilikuwa limejaa maji na udongo, na watoto wao walikuwa ndani hadi mapajani, wanakanyaga, wanaimba, wanapakana usoni. Nikasimama na ndoo yangu, nikatoa somo zima. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, mikono yake mwenyewe imejaa tope.

"Umesema vizuri, mama," akaniambia. "Maji iko, sabuni iko. Magaribi nitabaosha bote. Kwa sasa baache bacheze kwanza."

Halafu, kwa kunichangamsha tu, kama mama na mama wanavyoongea, akauliza mwanangu anapenda kucheza na nini. Niliwakumbuka wanasesere wa kwenye nailoni, nikaona aibu kuwataja. Nilimwambia anapenda vitu vingi, nikabeba ndoo yangu nikaondoka.

Swali hilo nilirudi nalo nyumbani Ijumaa. Gari liliharibika njiani, nikafika mtoto amelala, kwa hiyo beseni lilipumzika. Asubuhi ya Jumamosi niliamka kabla ya wote nikiwa na nia njema, na hakuna kitu kibaya duniani kuliko nia njema ikishika ufagio. Niliazimia kumwandalia mahali pazuri pa kuchezea. Kando ya ukuta wa jiko kulikuwa na takataka ambazo sikuwahi kuzitazama vizuri: vijiti vya mathenge vyenye miiba vimepangwa ovyo, mawe meupe, mawe marefu ya kahawia, kokwa za mikoma, kifuniko cha mafuta ya kupikia. Nilifagia vyote. Mawe niliyazoa kwa koleo, nikayamwaga barabarani mbele ya lango, kwenye shimo ambalo pikipiki zilikuwa zinarukia. Nikatandika mkeka. Nikawashusha wanasesere, na safari hii nikawatoa kabisa kwenye nailoni.

Binti yangu aliamka, akaenda moja kwa moja mpaka ukuta wa jiko. Alisimama pale. Akageuka akaangalia ua wote, kisha akafuata alama za ufagio mpaka langoni. Nje, bodaboda zilikuwa zimeanza kupita, na kila moja ilipopita jiwe moja au mawili yaliruka pembeni. Alishika mti wa lango akayatazama. Hakulia. Afadhali angelia, maana kilio ningejua kukinyamazisha.

Mama yangu alitoka ndani, akatazama mahali pa vijiti, akatazama mkeka, akanitazama mimi. Sisi nyumbani tunasema Kiturkana, lakini mama akitaka majirani wasikie husema Kiswahili.

"Mnaona huyu," akasema kwa sauti ya kufika uani kwa watu. "Ametoka Kakuma, amefagia mbuzi ya mtu. Yote. Hata ile ya maziwa."

Hapo ndipo nilipokumbuka, na nikaona ajabu kwamba niliweza kusahau. Mtoto gani wa kwetu hakufuga mawe? Mimi mwenyewe, kule Lorugum, nilikuwa na awi yangu, boma zima, chini ya mti uliokuwa nyuma ya kibanda cha mama. Mawe meupe ni mbuzi, yale marefu ni ngamia, kokwa za mikoma ni ng'ombe wa kujivunia. Nilikuwa na ngamia mmoja wa jiwe aliyekuwa na nundu kabisa, nilimwokota mimi, nikamnywesha kila jioni kwenye kifuniko. Mama alikuwa akirudi kisimani ananiuliza kama mifugo imeingia yote, na haulizi kwa kucheka. Kama mmoja alipotea, alitua mtungi tukamtafuta. Jioni za Lorugum zilikuwa hivyo, vumbi la mbuzi wa kweli likirudi malishoni na mimi nikiwaingiza wangu kwa kidole, na nilikuwa mchafu kuanzia kichwani hadi miguuni, na sikumbuki hata siku moja niliyokuwa na huzuni.

Nilimwambia mama basi, nimekosea, nitamnunulia mtoto kitu kingine. Alicheka mpaka akashika kiuno. Akaniuliza ni wapi nilipoona mtu amepoteza mifugo ya mwenzake halafu akalipa kwa mwanasesere. Aliyepoteza mbuzi hulipa mbuzi, akasema, na mwenye mali ndiye anayekubali au kukataa. Akaingia ndani kutengeneza chai yake, kwa upande wake kesi ilikuwa imekwisha.

Basi tukaenda laga, mimi na mdai wangu. Yeye alitangulia na sufuria ndogo ya kubebea mifugo, mimi nyuma na kanga kichwani, tunavuka vichaka mpaka mchanga mpana. Nilidhani ni kazi ya dakika chache: nilikusanya mawe meupe ya kujaza kiganja nikampelekea. Aliyapokea moja moja, akayageuza.

"Hii ni mgonjwa," akasema, akalitupa. "Hii haina maziwa. Hii si ya kwetu."

Jua lilikuwa limepanda. Nilitafuta wengine, akawakataa wengine. Nikaanza kubishana naye kwamba mbuzi huyu ni mzima, tazama alivyonona, na nikasikia sauti yangu inatetea jiwe kwa uchungu wa kweli. Kufikia hapo viatu nilikuwa nimevivua. Tulifika mahali ambapo wanawake walichimba kisima cha kunyweshea punda, pembeni mchanga umelowa, na binti yangu akachuchumaa palepale akaingiza mikono yote miwili hadi kwenye viwiko. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kumnyanyua. Niliurudisha. Sikujua niuweke wapi, kwa hiyo nikauingiza na mimi mchangani, kando ya wake.

Ule ubaridi ulinishtua. Juu mchanga unachoma, chini kuna baridi na harufu ya mvua ya mwaka jana. Nilichimba. Nilipiga magoti nikachimba kwa mikono miwili, gauni langu likalowa mpaka mapajani, na kila tulipopata jiwe tulilisuuza kwenye maji machafu ya punda tukalipitisha kwa mwenye mali. Wanawake waliokuja kuchota walisalimia, ejok, nami nikaitikia nikiwa na mchanga kwenye nyusi. Mmoja aliniuliza kama nimepoteza hereni. Nikamwambia hapana, nalipa deni la mbuzi, akaona ni jambo la kawaida akaendelea kuchota. Nilikuwa na furaha. Sina njia nyingine ya kulisema jambo hilo. Kwa muda mrefu sikuwa nimefurahi hivyo na mtu yeyote, na mtu huyo alikuwa mwanangu, na pua yake ilikuwa inachuruzika, na sikuipangusa.

Tulirudi na sufuria imejaa. Alijenga boma upya kwa vijiti vya mathenge, bila kuchomwa hata mara moja, mimi nilichomwa kwa niaba yetu wote wawili. Alipomaliza alinishika mkono akaniongoza kivulini, akanionyesha mtungi wa plastiki niukalie. Akachagua mbuzi mmoja katika wale tuliotoka kuwatafuta kwa jasho, akamchinja kwa kijiti, akampika kwa mchanga, akaniletea juu ya kifuniko cha mafuta.

"Karibu," akasema. "Kula nyama."

Nilikula, nikasifu, nikajifuta mafuta midomoni. Nilidhani nimesamehewa. Yeye aliniacha hapo, akamgeukia nyanya yake akamwagiza awafukuze mbwa, kisha alete kuni, kisha ashike mlango wa boma. Mama alitii huku anakunywa chai. Nikamtania kwa Kiturkana kwamba yeye anatumwa tu, nyama hajaonjeshwa.

Mama hakucheka. Alinijibu polepole, na naona hakutaka kuniumiza.

"Mimi nitachinjiwa nini?" akasema. "Mimi ni wa hapa. Mgeni ndiye anachinjiwa."

Nilikaa na kifuniko mkononi. Huko pwani husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe si chombo chetu sana, lakini maana ni ileile: mgeni unamlisha na kumwacha akae, na mtu wako unampa kazi. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa amenipima akaniweka mahali pangu, kwa heshima zote. Sikuwa adui tena. Nilikuwa mtu anayekuja Ijumaa.

Tangu siku hiyo beseni lilingoja. Nilishuka langoni nikaenda moja kwa moja kando ya ukuta wa jiko, nikabisha hodi kwenye boma la vijiti. Kunawa kabla ya kula sikukuacha, na mama yangu hakunipinga. Alinishangaa, akaniuliza ni nani aliyewahi kumwona yeye akimlisha mtoto kwa mikono michafu. Mengine yote yalisubiri magharibi, kama alivyosema yule mama wa Kongo. Nilipata habari nyingi pale chini: ngamia aliyezaa, mbuzi aliyeliwa na fisi, kokwa zilizoibwa na mtoto wa jirani na namna zilivyorudishwa. Soksi nyeupe nilizigawa.

Binti yangu hakujificha tena. Lakini kila Ijumaa nilichinjiwa. Nilipelekwa kivulini, nikaletewa nyama, nikaulizwa maswali ambayo mwenyeji mwenye adabu humuuliza mgeni. Njia ilikuwa namna gani. Je, kule mvua imenyesha. Halafu, akiwa ameweka mikono nyuma kama mtu mzima: "Utarudi lini?" Niliomba mara nyingi nisaidie kujenga, hata kubeba mchanga tu. Alinikatalia kwa upole. Wewe kaa, aliniambia, wewe umetoka mbali. Jioni nikimwogesha alikuwa ameshachoka, ananiegemea kifuani huku maji ya rangi ya chai yanateremka miguuni kwake, na hapo nilimpata kidogo. Asubuhi nilikuwa mgeni tena.

Kisha mvua zikaja. Ijumaa moja laga ilishuka na maji mengi, magari yakasimama pande zote mbili mpaka yalipopungua, nikafika alasiri jua likiwa limetoka tena na Lodwar yote inanuka udongo. Nilikuwa na nguo za ofisini, tulikuwa na mkutano asubuhi, tukaachiwa mapema. Uani hapakuwa na mahali pakavu. Mwanangu na watoto wa jirani walikuwa wameacha vijiti, wamejenga boma kubwa la tope, kuta kwa kuta, na mfereji mdogo wa maji ulikuwa unapita katikati ukiula ukuta mmoja. Mifugo ilikuwa inasombwa. Walikuwa watu wa rangi moja wote, sikumtambua wangu mpaka aliponitazama.

Mama aliniona langoni, akafanya kama alivyozoea kila Ijumaa, akatoka na kiti cha mgeni akatafuta pa kukiweka.

"Ata, rudisha kiti," binti yangu akamwambia nyanya yake bila kuinua kichwa. Alikuwa amelalia ukuta kwa mikono yote, maji yanapita chini ya kidevu chake. Kisha akanipigia kelele mimi, kwa hasira hasa, hasira ya mtu aliyecheleweshewa msaada. "Mama, si unaona mbuzi zinatoka? Shika hapa!"

Hakuuliza njia ilikuwa namna gani. Niliweka mkoba palepale, nikapiga magoti kwenye tope na sketi yangu ya mkutano, nikashika alipokuwa ananionyesha. Tulishika mpaka magharibi, na siku hiyo hakuna mbuzi aliyechinjwa.